Kideri kwa kuku wa kienyeji: uzoefu wangu

Huku kwetu vijijini Singida kuku wa kienyeji ndiye anayelipa sare za shule, sabuni na nauli ya kwenda hospitali. Kila nyumba ina wake na hakuna uzio. Asubuhi wakifunguliwa wanachanganyika kutwa nzima, jioni kila mmoja anajua kwao. Kwa hiyo kideri, ugonjwa ambao wengine huita mdondo, kikiingia kwa jirani hesabu kwamba na kwako kimeshafika.

Wazee husema kinaletwa na upepo wa kiangazi. Ni kweli kinapiga sana kuanzia Julai mpaka mvua za kwanza, lakini miezi hiyo ndiyo watu wameshavuna, minada imechangamka, na wachuuzi wanapita na matenga kwenye pikipiki wakikusanya kuku wa kupeleka Dar es Salaam. Kuku aliyekosa mnunuzi mnadani anarudishwa nyumbani, baada ya kushinda amebanana na kuku wa vijiji vingine. Mimi upepo nausamehe.

Kwangu kilianza na mayai. Matetea wawili walitaga mayai ya ganda laini, ukiligusa linabonyea. Kesho yake wengine walikuwa wamejikunyata kivulini, manyoya yamesimama, midomo wazi, wanahema kwa kukoroma. Kinyesi cha kijani, majimaji matupu. Aliyeniondolea shaka ni jogoo mmoja: anataka kudonoa punje ya mtama, shingo inapinda, kichwa kinageuka mpaka kinatazama mgongo wake mwenyewe, anazunguka palepale na punje haipati. Kuku wa ndui hutoka vipele kwenye upanga na kwenye kope. Anayeharisha damu kinyesi chake kinajieleza. Shingo kupinda na kufa wengi kwa mpigo ni dalili za kideri, ingawa mafua ya ndege nayo yanaweza kufanana hivyo, ndiyo maana nilimpigia afisa mifugo simu siku hiyohiyo.

Kwenye duka la dawa za mifugo nilipewa OTC, antibayotiki ile ya unga wa njano ya kuchanganya na maji. Nilishukuru nikauacha. Kideri ni kirusi na antibayotiki haikigusi. Labda itamsaidia aliyenusurika asipate maradhi ya bakteria juu ya udhaifu wake, basi. Shubiri, mwarubaini na pilipili zilitajwa na kila aliyepita mlangoni. Nilijaribu shubiri kwa baadhi. Waliopewa na wasiopewa walikufa sawa.

Mama mkwe akaja na lake: "Mkamwana, si uwauze hawa waliosimama bado? Kesho hutakuwa nao."

Kihesabu alikuwa sahihi, na ndivyo watu wengi wanavyofanya. Lakini hao waliosimama ndio wa kuogopwa. Kuku anaweza kukaa na ugonjwa siku tano au sita, wengine hadi wiki mbili, kabla hajaonyesha chochote, na huenda ameshaanza kuambukiza. Nikamwambia, "Mama, tukiwauza tunawapelekea wenzetu." Akanuna. Sikumlaumu, maana nusu ya kuku wale walikuwa wake.

Kuchinja nako kuna mambo yake. Nyama ikiiva vizuri haimdhuru mlaji. Balaa liko kwenye manyoya, damu na utumbo vinavyotupwa nyuma ya nyumba, mbwa wakavigawa kijiji kizima. Waliokufa niliwachimbia shimo refu, nikawafukia pamoja na matandiko ya viota, chokaa juu yake. Viatu vya bandani vilibaki bandani. Mikono nilinawa kwa sabuni kabla ya kujigusa usoni, kwa sababu virusi hivi vinaweza kumwachia mtu macho mekundu siku kadhaa. Banda nikalikwangua, nikaliosha, nikapaka chokaa, nikaliacha wazi lipigwe jua zaidi ya mwezi kabla sijaingiza kuku mwingine. Waliopona walikuwa wachache, na mmoja shingo yake haikunyooka tena. Bata wa jirani hawakuugua hata mmoja, na hilo si la kufurahia: bata anaweza kubeba virusi huku mwenyewe akiwa mzima.

Chanjo ipo, na wala si ghali. Ile ya I-2, ambayo asili yake ni Australia na hapa nchini inatengenezwa Kibaha, ilitafutwa makusudi kwa ajili ya vijiji visivyo na jokofu, maana inavumilia joto kuliko chanjo nyingi. Jua la moja kwa moja ndilo halipendi. Kinachowakwamisha watu ni kwamba kichupa kimoja kinachanja kuku wengi mno kwa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakihifadhiwi mpaka msimu mwingine. Mwenye kuku kumi na watano anaona anamwaga hela, anaacha. Nikalipeleka jambo hili kwenye kikoba chetu: tuchanje kitongoji kizima kwa siku moja, tuchangie kwa idadi ya kuku.

Ubishi ulichukua jioni nzima. Kutaja idadi kamili ya kuku mbele za watu ni kujitangazia utajiri, kwa hiyo kila mtu alitaja pungufu. Tulinunua kwa makadirio, tukaongeza kidogo kwa ajili ya kuku waliofichwa, na kweli asubuhi walitokea.

Afisa mifugo wa kata alituonyesha, mengine tukafanya wenyewe. Ni kazi ya alfajiri, kuku bado wako bandani. Kichupa kimeviringishwa kitambaa kibichi, kimo ndani ya ndoo. Mtoto anamshika kuku na kumlaza ubavu. Wewe unatuliza kichwa, unakipindua kichupa wima, mdomo chini, juu ya jicho bila kuligusa, tone moja linadondoka. Humwachii hapo. Unasubiri apepese, tone litandae na kuzama. Likichuruzika shavuni, unarudia. Tone ni lilelile kwa kifaranga wa jana na kwa jogoo mzee, jambo ambalo mama mkwe hakulikubali. Alidai jogoo wake aongezewe. Aliyekwisha kuanza kuugua hachanjwi, haimsaidii.

Kinga inahitaji wiki moja hadi mbili kujengeka, ndiyo sababu tunachanja Mei, kiangazi hakijakolea, kisha Septemba na Januari. Nyumba moja ilijitoa baada ya Mei, kisa tetea wao alikufa kwa ndui wakasema tumewauzia maji. Tulieleza sana kwamba chanjo ya kideri ni ya kideri tu.

Kiangazi kilichofuata kijiji cha pili kilipigwa vibaya. Kwetu walikufa wachache, na wengi wao ni vifaranga walioanguliwa baada ya chanjo ya Mei. Tangu hapo, kukiwa na vifaranga vya kutosha katikati ya misimu, nyumba kadhaa zinaungana kununua kichupa, hata kikibaki kidogo tunamwaga bila kinyongo.

Na kuku mgeni haingii bandani siku anayofika. Anakaa kwenye tenga lake upande wa jikoni wiki tatu, na chanjo ameshapata. Shemeji aliniletea jogoo wakati wa sikukuu, akachukia kumkuta amefungiwa. Nikamwambia, "Shem, hata wewe ungetoka mnadani ningekufungia."