Nilivyozipangia folda skripti zangu za SQL

Nilikuwa na faili za SQL (lugha ya kusoma na kubadili data kwenye hifadhidata) mia na ushei, zote kwenye folda moja. Majina yenyewe: mpya.sql, mpya2.sql, mpya_sahihi.sql, na bila shaka mpya_sahihi_kweli.sql. Nikiombwa ripoti niliyoitoa mwezi uliopita, niliona heri niiandike upya kuliko kuisaka.

Kwanza nilipanga kwa majedwali: wateja, oda, malipo. Haikufika mbali. Skripti yenye JOIN, yaani inayounganisha majedwali, ya majedwali matatu ikae wapi? Nikawa nainakili kotekote, nikisahihisha nakala moja, mbili zinabaki na kosa lilelile.

Halafu jioni moja nilitaka kuhesabu oda zilizofutwa. Nikafungua oda_zilizofutwa.sql, nikaiendesha kwa mazoea bila kuisoma. Ndani mlikuwa na DELETE, amri ya kufuta rekodi. Pona yangu ni kwamba ilikuwa hifadhidata ya majaribio, lakini mikono ilinitetemeka vilevile.

Tangu hapo napanga kwa kuangalia skripti inaifanya nini data. Folda ya "soma" ina SELECT, amri ya kusoma data, peke yake; humo naendesha chochote hata nikiwa na usingizi. Folda ya "badili" ni ya UPDATE (kubadili rekodi) na DELETE, na kila faili humo huanza na BEGIN, inayofungua muamala, na kuishia na ROLLBACK, inayotengua yote yaliyofanyika ndani yake. Naendesha, naangalia idadi ya rekodi zilizoguswa, na nikiridhika ndipo naifuta ROLLBACK na kuandika COMMIT, inayoyahifadhi mabadiliko, kwa mkono wangu, kisha naendesha tena. CREATE na ALTER (kuunda majedwali na kubadili muundo wake) nimezitenga kwenye "muundo", maana kwenye MySQL, mfumo mmojawapo wa hifadhidata, ALTER ikishapita imepita, ROLLBACK haiirudishi. Hizo nazipa namba kwa mfuatano, 001, 002, kwa sababu ukiandika 1 na 2 tu, zikifika kumi terminali inaitanguliza 10 mbele ya 2. Za kujaribujaribu naziweka "jalalani". Folda zote ziko kwenye Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, isipokuwa jalala.

Ndani ya folda sikuweka folda nyingine. Nilijaribu, nikajikuta nabofya mishale tu. Kwenye VS Code, programu ninayoandikia skripti, nabonyeza Ctrl+P, naandika kipande cha jina, faili inakuja, ila jina liwe la maana. Kwa hiyo kitenzi kinatangulia: hesabu_oda_kwa_mwezi.sql, orodhesha_wateja_wapya.sql. Ile iliyonitetemesha sasa inaitwa futa_oda_za_zamani.sql.