Kamba ya Yuda

Juzi jioni kitindamimba alirudi kutoka mazoezi ya igizo la Ijumaa Kuu, akavua viatu mlangoni na kuniuliza kabla hata ya kuniamkia: "Baba, nijinyonge au nipasuke?" Amepewa nafasi ya Yuda. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwaagiza wakasome wenyewe sehemu zao nyumbani, naye, kwa kuwa ni mtoto wa mama yake, hakuishia kwenye Mathayo. Alifuata rejeo dogo lililo chini ya ukurasa hadi Matendo ya Mitume, na huko akamkuta Yuda yule yule akifa kifo kingine. Nilifungua kinywa kumjibu, maana jibu lilikuwa tayari ulimini, jibu nililotembea nalo tangu mwaka 1992. Nikalimeza. Nikamwambia akaoge kwanza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka 15, niko darasa la kipaimara, na nilikuwa nimeikariri Katekisimo Ndogo kiasi cha kuwachosha watu wa nyumbani. Tanga ya siku zile ilikuwa na mihadhara. Baada ya sala ya alasiri vipaza sauti vilifungwa juu ya miti, meza ikawekwa kiwanjani, na juu ya meza hiyo vikalala vitabu viwili, Qurani juu ya marufaa yake na Biblia iliyochomekwa vikaratasi kila upande. Mama alinikataza kwenda. Nilikwenda, na Biblia yangu ya jalada jeusi nikaificha ndani ya shati.

Mhadhiri hakuwa mtu wa kelele, kama nilivyokuwa nimemtarajia. Alivaa miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi, na alizungumza taratibu, kama mwalimu wa hesabu. Alianza na Sura ya An-Nisaa, aya ya 82, isemayo kwamba Qurani ingekuwa imetoka kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, watu wangekuta ndani yake hitilafu nyingi. Akasema hiyo ndiyo mizani, na kwamba mizani ya haki hupima bidhaa zote. Sikuona wakati ule kwamba nilikuwa nimekwisha kuikubali mizani hiyo kwa kunyamaza tu. Kisha akamgeukia kijana aliyekaa kando yake: "Msomaji, tupe Mathayo 27, mstari wa 5." Msomaji akasoma: "Akavitupa vile vipande vya fedha katika hekalu, akaondoka, akaenda, akajinyonga." "Basi. Tupe Matendo 1, mstari wa 18." Akasoma habari za mtu aliyenunua konde kwa ijara ya udhalimu, akaanguka kwa kasi, akapasuka, matumbo yake yote yakatoka. Mhadhiri akauliza kama yupo Mkristo wa kuwafafanulia.

Nilinyosha mkono. Watu walinifungulia njia kwa heshima ambayo hadi leo inanishangaza. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu na kilinuka chuma na mate ya watu wengine. Niliposema "Shikamoo," sauti yangu ilitoka ng'ambo ya barabara, nzito kuliko nilivyoijua, nikapata ujasiri. Nikasema kwamba Yuda alijinyonga kwanza, halafu kamba ikakatika, ndipo akaanguka akapasuka, kwa hiyo Mathayo alieleza mwanzo na Luka, mwandishi wa Matendo, akaeleza mwisho. Mtu mmoja nyuma alisema, "Ee, hiyo inawezekana." Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mshindi.

Mhadhiri alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Ahsante, mwanangu. Sasa tusomee hiyo kamba. Iko sura ya ngapi?"

Nilijua haipo. Pamoja na hayo niliitoa Biblia shatini nikaanza kufunua. Jasho la vidole lilizinasa kurasa zile nyembamba, zikawa zinafunuka tatutatu, nami niliendelea kushikilia kipaza sauti kwa mkono mwingine bila kukumbuka kukiondoa, hata uwanja mzima na nyumba za jirani zikasikia karatasi zikifunuliwa: shaa, shaa, shaa. Mathayo. Matendo. Nikarudi Mathayo. Nikaenda hadi Ufunuo, ambako Yuda hana shughuli yoyote. Hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa ile. Halafu mtu akaita, "Takbiri!" na kiwanja kikaitika. Mhadhiri akainua mkono kuwanyamazisha, akasema, "Msimcheke mtoto." Kicheko ningekistahimili, huruma ile ndiyo iliyonishinda. Nilipopita kando ya mzee wa kahawa, alinimiminia kikombe akakataa pesa yangu.

Habari zilimfikia mwinjilisti wetu kabla yangu. Jumamosi iliyofuata alinigombeza kwa kukaidi amri ya mama, kisha akauliza nilijibu nini. Nilipotaja kamba alinyamaza kidogo, akakiri kwamba hata yeye aliipokea kamba hiyo kwa mwalimu wake, naye mwalimu wake sijui aliipokea kwa nani. Akaongeza jambo ambalo wala mhadhiri hakulifikia: hata kamba ikikatika, nani alinunua konde? Mathayo anasema makuhani walilinunua kwa fedha zilizotupwa. Matendo yanasema ni Yuda mwenyewe. Hapo ingehitajika kamba ya pili, nayo ipo, maana wako wanaosema kwamba makuhani walinunua kwa jina lake. Akanifungulia Methali 26, akaniamuru nisome mstari wa 4 na wa 5 bila kupumzika katikati. "Usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake," na papo hapo, "Mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake."

"Aliyeuweka wa 5 hapo, hakuuona wa 4?"

"Aliuona, mwalimu."

"Mbona hakuufuta?"

Nilingoja anijibie. Akaenda kujaza upepo baiskeli yake.

Miaka iliyofuata nimesoma mengi kuhusu mistari ile miwili ya kifo cha Yuda, pengine kuliko inavyomfaa mhasibu. Nimejifunza kwamba Mathayo alikuwa na Zekaria 11 mbele yake, na vile vipande 30 vya fedha vinavyotupwa kwa mfinyanzi, ingawa yeye anamtaja Yeremia. Na kwamba huenda kifo cha kujinyonga kinamkumbusha msomaji Ahithofeli, mshauri aliyemgeuka Daudi akaenda nyumbani kwake akajinyonga. Luka anamwua Yuda kama waovu wa kale walivyosimuliwa kufa, kwa mwili kupasuka. Kila mmoja alikuwa anahubiri, na hakuna aliyejaza fomu ya polisi. Maelezo haya yananiridhisha siku nyingi. Siku nyingine nasikia ndani yake sauti ya kurasa zikifunuliwa, kwa sababu nayo yanaacha swali la mtoto palepale: alikufaje?

Augustino wa Hippo, askofu wa kale, alimwandikia Jerome, mfasiri wa Biblia, kwamba akikuta katika Maandiko jambo linaloonekana kupingana na kweli, husema ama nakala ina kosa, ama mfasiri hakuifikia maana, ama yeye mwenyewe hajaelewa. Naipenda ile ya tatu. Ila kazini kwetu, daftari mbili zisipolingana, mtu akaandika muamala ambao haukuwahi kufanyika ili jumla zikubaliane, tunasema amepika hesabu, hata kama nia yake ilikuwa kuokoa heshima ya ofisi. Nilipika hesabu mbele ya mtaa mzima wa Ngamiani, kwa kumtetea Mungu, na ingekuwa uongo kusema kwamba sijawahi kurudia, maana dada zake kitindamimba wote wawili niliwapa kamba ile ile, nao hawakuuliza sura.

Alipotoka kuoga tulisoma pamoja sehemu zote mbili. Nilimwonyesha habari ya konde, haikumgusa. Kinachomgusa ni matumbo, na nikagundua kwamba alikwisha kuomba kwa dada yake kitenge chekundu kirefu kwa shughuli hiyo. Mwalimu anataka jibu moja kufikia Jumamosi. Tumepatana kwamba atavitupa vizibo vya soda sakafuni mbele ya makuhani, kisha atatoka kwa mlango wa sakristia, basi, kama ilivyoandikwa: akaondoka, akaenda. Ameniuliza watu watajuaje kilichompata huko nje. Sijamjibu bado, na kitenge kingali chini ya mto wake.