Jumamosi Moja na Pampu ya Jirani

Saa 12:30 asubuhi. Sijamaliza chai, mtoto wa jirani akapiga hodi huku amekumbatia pampu ya maji. "Shikamoo mwalimu. Mama anasema inanguruma tu, haivuti." Siku za wiki nafundisha hisabati, Jumamosi ni ya banda langu la uani hapa Kigamboni, lenye meza moja ya mbao, makopo ya skrubu, na jiliwa la kuazima ambalo mwenyewe ameshaacha kuliulizia.

Saa 2. Kibati cha mota kinaonyesha nusu hospawa, volti 230, mizunguko 2,850 kwa dakika. Mota inayonguruma bila kuzunguka hunifanya nishuku kapasita kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoipa koili ya pili nguvu ya kuianzisha. Niliimaliza chaji kwa kuigusisha nyaya za taa ya zamani ya wati 60, nikaipima: maikrofaradi 4, ilhali ubavuni imeandikwa 10. Nilifunga nyingine ya kipimo hichohicho. Mota ikazunguka, lakini kwa mlio wa kusaga. Nilitamani kuirudisha hivyohivyo, maana nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Saa 4. Niliifungua. Beringi ya mbele ilikuwa imeota kutu, na nilipoizungusha kwa kidole ilikwaruza kana kwamba imejazwa mchanga. Kutu hiyo ilitokana na maji, kwa hiyo nikaigeukia sili, ile inayozuia maji ya pampu yasifuate shafti, nikakuta uso wake wa kaboni umechimbika mfereji mwembamba. Nilimuuliza kijana kama pampu iliwahi kuachwa ikizunguka bila maji. Akatazama chini, akakiri kwamba kisima kilikauka mwezi uliopita nao wakachelewa kugundua. Sili ya namna hii hupozwa na maji yenyewe. Yakikosekana, nyuso zake mbili, kaboni na seramiki, husagana kwa joto, kisha maji yanayovuja hufuata shafti hadi kwenye beringi.

Saa 5:30. Pantoni, kisha Kariakoo, kutafuta beringi namba 6201 na sili. Nilinunua sili mbili, kwa kuwa naijua mikono yangu.

Saa 9 alasiri. Beringi mpya niliiingiza kwa kipande cha bomba kinachogusa ringi ya ndani peke yake, kwani ukigonga ya nje unaziumiza golori kabla hazijafanya kazi hata siku moja. Ilikaa vizuri, nami nikajiona fundi. Kwenye sili nikaendelea na nyundo ileile, na seramiki ikapasuka kwa mlio mdogo kama wa kikombe. Ya pili niliilowesha mpira wake kwa maji ya sabuni, nikaweka karatasi safi juu ya uso uliong'arishwa ili mafuta ya vidole yasiuguse, nikaisukuma kwa gumba taratibu mpaka ikatua.

Saa 11 jioni. Tuliifunga kisimani, nikamkabidhi kijana jagi ili aijaze pampu maji yeye mwenyewe kabla ya kuwasha swichi. Ilivuta. Mama yake alitaka tusherehekee papo hapo, lakini nilitandika gazeti kavu chini ya pampu, tukaketi tukalitazama kwa dakika 20. Halikupata hata tone. Nikaenda kwenye madaftari yangu.