Siku moja maishani mwangu: fundi umeme na kalkuleta yake

Saa 12 asubuhi nishaamka, kitu cha kwanza nakagua betri ya mita yangu ya kupimia umeme maana ikizima hiyo mi ni mtu wa kubahatisha tu. Watu wanajua fundi umeme ni bisibisi na kutoogopa shoti, basi. Kumbe nusu ya siku nagawanya na kuzidisha.

Saa 2, soketi mbili, zimeisha.

Saa 3 na nusu dogo ninayemfundisha kashika balbu ya zamani, zile zenye kiwaya ndani, wati 100, kaipima mita ikamwambia ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoubania umeme usipite, ni omu 40 hivi. Akachukua volti za nyumbani, 230 mara 230 gawa kwa ule ukinzani 40, akapata wati 1322, kanijia macho yamemtoka, "kaka hii si balbu hii ni pasi!" Nimecheka sana. Hesabu yake haina kosa ila kaipima ya baridi, kile kiwaya kikiwaka ukinzani unapanda hadi omu 529 na ndo unapata 100 yako.

Saa 5 sasa, hapo ndo siku ilipoharibikia. Mama mmoja hita yake ya kuoga inatoa maji vuguvugu, kashaamua ni feki na mi nimeitwa kuthibitisha tu. Imeandikwa wati 3000 kwa volti 230. Naweka mita, yeye yuko mgongoni, "fundi unapima nini tena, si nimeshakwambia ni mbovu?" Sawa mama. Kwenye hita volti 198, klampu, ile mita ya kubana waya, inasoma ampea 11.2. Gawanya volti kwa ampea, ukinzani omu 17.7, yaani hita nzima kabisa, ndo inavyotakiwa iwe, maana 230 mara 230 gawa kwa 3000 unapata karibu hiyohiyo. Zidisha volti na ampea, wati 2218, karibu 800 hazipo. Narudi mein swichi, hita ikiwa inawaka vilevile, 230. Kwahiyo volti 32 zinapotelea njiani. Namwambia mama kuna jointi, maungio ya waya, mahali inakula umeme wako, ananiambia mbona wewe unaandika tu, wenzio wakija wanafungua.

Nilitamani kuondoka kweli.

Nimezima mein, nikapanda darini, joto lile mnalijua, natambaa na tochi mdomoni sijui ilikuwa saa 7 au 8, nafuata waya mpaka nikaukuta, nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono zikazungushiwa tepu, na tepu yenyewe imeyeyuka imekuwa kama lami, shaba imeungua nyeusi. Piga mwenyewe, 32 mara 11.2, wati 358 zinachoma sehemu ndogo kama kidole, juu ya mbao kavu! Breka haiwezi kukata hapo kwasababu ampea hazijazidi, tena zimepungua. Nikakata kipande chote nikaweka waya mpya bila jointi, nikashuka kupima, 229.

Nikamwonyesha mama ile tepu. Akaishika, akanyamaza, halafu akauliza kama hela ya kuandika andika ipo ndani ya bei ama ni tofauti.

Kazi mbili za jioni sikumbuki vizuri, magoti yalishagoma. Usiku nimejilaza simu inaita, mama wa hita: "fundi, sasa yanaunguza!" Nikamwambia fungulia bomba zaidi, maji yakipita mengi yanapoa. Akasema kesho nije nimfungulie.