Mbona karatasi ya dawa ya India ina bei na yenu haina?

Wiki iliyopita alikuja dukani mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ana presha na kila mwisho wa mwezi anachukua amlodipine kwangu. Safari hii alipotea kidogo, kumbe alikuwa India amemsindikiza mumewe matibabu ya moyo, wamekaa huko mwezi na nusu na dawa zake zilipoisha akawa ananunua hukohuko. Basi akafungua pochi akatoa karatasi ya vidonge, vimebaki viwili, akaigeuza nyuma akaniwekea kidole. "Hebu soma hapa mwanangu."

Nikasoma. M.R.P., alafu alama ya rupia, alafu namba, na pembeni wameandika kwamba kodi zote zimo humohumo. Maana yake hiyo ndo bei ya juu kabisa, muuzaji haruhusiwi kuipita.

"Kule hata ukimtuma mtoto haibiwi. Sasa za kwako mbona hazijaandikwa kitu?"

Nikacheka lile cheko la kununua muda. Maana kichwani nilishapiga hesabu ya rupia kuja shilingi, vidonge kumi havifiki hata buku, na mimi huyu mama namuuzia elfu tatu. Kiwanda tofauti sawa, lakini dawa ileile, miligramu 5 zilezile, na hiyo ninayomuuzia yenyewe imetoka India pia. Nikamwambia mama kuna meli hapo katikati, kuna dola, kuna gharama za kusajili dawa nchini, kuna kodi ya fremu. Yote kweli kabisa. Ila sikumwambia kwamba jirani yangu mita hamsini kutoka hapa anauza elfu mbili.

Nipo kwenye hii kazi tangu 2010, mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Morogoro, na niseme ukweli, sisi tunakaguliwa sana. TMDA, yani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanaangalia dawa yenyewe, imesajiliwa au haijasajiliwa, imeisha muda au la, umeiweka wapi. Baraza la Famasi wanaangalia duka na mtu aliyesimama nyuma ya kaunta, leseni iko wapi, cheti chako kiko wapi, koti jeupe liko wapi. Dawa za duka letu zina orodha yake, amoxicillin naruhusiwa, ciprofloxacin siruhusiwi, ukikutwa nayo chini ya kaunta utajuta. Dawa yenye mhuri wa Bohari ya Dawa, yani ya serikali, ukikutwa nayo dukani hapo ni polisi moja kwa moja. Mkaguzi anaweza akakaa saa nzima anafungua boksi moja moja. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kuulizwa na mkaguzi, hii unauza shilingi ngapi?

Hata siku moja. Bei haipo kwenye fomu yake.

Sasa bei inatoka wapi? Kwa bosi. Na bosi anaitoa wapi, anaitoa kwa mtu wa jumla Kariakoo, ambaye leo atamwambia boksi limepanda kwasababu dola imepanda, na dola ikishuka hampigii simu kumwambia. Alafu kuna mchezo wa bonasi, chukua boksi kumi tunakuongeza moja, hapo ndo utaona ghafla dawa fulani ya kikohozi inasifiwa na kila muuza dawa mtaani. Mwisho wa yote bosi anaweka bei yake ya chini ambayo nisiishuke, juu ya hapo ni mimi na macho yangu. Nitalisema tu hapa kwasababu hamnijui sura: mtu akishuka kwenye gari bei inaongezeka kidogo. Akija mama na mtoto mgongoni anatoa noti iliyokunjwa mara nne kwenye khanga, inashuka. Nilikuwa najiambia hiyo ni huruma, lakini ukiwaza vizuri ni kwamba bei sina.

Nikaingia kusoma hawa Wahindi wanafanyaje. Wana mamlaka yao ya bei za dawa tangu 1997 na kuna amri ya 2013 ndo inatumika. Dawa zilizo kwenye orodha ya dawa muhimu ya taifa zinawekewa ukomo, na hesabu yake ni nyepesi mpaka nikashangaa: wanachukua bei za kampuni zote zenye angalau asilimia 1 ya soko la dawa hiyo, wanatafuta wastani, wanaongeza asilimia 16 ya muuza rejareja, basi. Dawa ambazo hazimo kwenye orodha kampuni inajipangia, ila haiwezi kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. 2017 wakaingia mpaka kwenye zile stenti za kuzibulia mishipa ya moyo, ya kawaida ikawekewa ukomo rupia 7,260 na ile yenye dawa rupia 29,600, hospitali binafsi zilipiga kelele sana. Nikamuwaza mume wa yule mama.

Lakini usidhani kule ni peponi. Kampuni zingine zikawa zinachanganya dawa mbili kwenye kidonge kimoja ili kitoke nje ya orodha. Na kuna kitu kilinichekesha kwa uchungu, 2018 mamlaka hiyohiyo ilichungulia hospitali binafsi nne za Delhi na maeneo ya jirani ikakuta faida kwenye baadhi ya vitu inafika asilimia 1,737. Na hawajavunja sheria ya ile bei iliyoandikwa! Bei kubwa imeshachapwa kwenye boksi tangu kiwandani, hospitali inanunua kwa bei ya kutupa alafu inamuuzia mgonjwa ile iliyoandikwa. Kwahiyo bei iliyoandikwa inaweza ikawa nayo ni uongo uliochapwa vizuri.

Afrika Kusini wao 2004 walikwenda mbali zaidi, kiwanda kinatangaza bei moja ya dawa kutoka kiwandani, ileile kwa kila mnunuzi wa sekta binafsi, mambo ya bonasi na punguzo marufuku, na mfamasia ana ada yake yenye ukomo. Bosi wangu nilipomsimulia hiyo ya bonasi kupigwa marufuku alibadilisha mada.

Sasa wadau kuna kitu tumekisahau. Sisi hapahapa tuliwahi kuwa na dawa yenye bei inayojulikana. Mnakumbuka mseto wa malaria wenye alama ya jani la kijani kwenye boksi? Ilikuwa miaka ya 2011, 2012 hivi, Global Fund, ule mfuko wa dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, wanalipia sehemu kubwa ya gharama kule juu kiwandani, huku chini bei iliyopendekezwa dozi ya mtu mzima shilingi 1,000, Kenya walisema shilingi 40 ya kwao. Kabla ya hapo dawa ya mseto kwenye duka binafsi ni elfu kadhaa, zingine zinapita elfu kumi, watu wakawa wananunua SP, ile dawa ya zamani ya malaria, au Panadol na kumuachia Mungu. Hakukuwa na sheria ya kumkamata mtu aliyezidisha, ilikuwa ni bei ya kupendekezwa tu, na kuna waliouza 1,500 nawajua. Ila ukizidisha sana mteja anakwambia dada hii yenye jani si buku? Anaondoka. Sijawahi kuona mkaguzi mkali kama yule bibi wa sokoni anayejua bei.

Ndo maana mi nikiulizwa serikali ipange bei za dawa zote siungi mkono haraka haraka. Nchi inayoagiza dawa zake nyingi nje, ukiweka ukomo chini ya gharama huyo wa Kariakoo haleti, anakuletea vitenge. Tutabaki na bei nzuri ukutani na shelfu tupu, kama zahanati ambako dawa ya mtoto mdogo ni bure ila wanakwambia imeisha nenda kanunue. Mi ningeanza na dawa kama thelathini, za presha, sukari, pumu, malaria, antibaiotiki za kawaida, bei ya kupendekezwa itangazwe, ibandikwe kila duka, na kuzidisha iwe na maelezo.

Antibaiotiki hasa, na hapa inaniuma. Mtu anakuja na buku anataka amoxicillin "za buku". Dozi nzima imemshinda. Nikimwambia sikati ataenda kwa jirani, nikimkatia nimempa vidonge vya siku mbili, anapata nafuu, anaacha, na mwezi ujao yuko palepale anasema ile ya mwanzo haifanyi kazi nipe kali zaidi. Nimekatia watu. Sijui mdudu gani nimemfundisha ubishi humu mtaani.

Basi jumamosi bosi akiwa Dar nikachukua kipande cha boksi, nikaandika na maka pen bei za dawa tano, ya kwanza amlodipine, shilingi elfu mbili. Nikaning'iniza juu ya kaunta. Akaja baba mmoja, akasoma taratibu mpaka chini, akatikisa kichwa kama ameridhika.

"Hizi ndo bei zenyewe?"

"Ndio baba, ndo hizohizo kwa kila mtu."

"Safi sana," akasema. "Sasa mi unanipunguzia ngapi?"