Shemeji bado anadai kilele chake

Mama kapiga simu jana kutoka Tanga, na kabla hata ya kuulizia watoto: "Theluji imeisha huko?" Nikamwambia hapa Vancouver mjini imeisha zamani, miti ya cheri imechanua mtaa mzima. Sikumwambia kwamba Mlima Seymour, hapo juu ya jiji, bado mweupe, na kwamba huko juu mwezi wa nne kuna sehemu theluji imezidi kimo cha mtu. Angeanza kunisomea dua. Ila swali lake lilinikumbusha ile safari ya shemeji.

Shemeji mnamjua. Alikuja toka Toronto, akaapa haondoki bila picha ya kileleni. Mume wangu akatutafutia kikundi, tukakodi zile nyayo pana za kutembelea juu ya theluji, tukafungwa kifuani vidude vya redio vya kumtafutia aliyefukiwa na poromoko la theluji, tukagawiwa na masepeto. "Sepeto la nini tena?" shemeji akauliza. Kiongozi wetu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akamjibu kwamba aliyefukiwa huchimbuliwa na wenzake waliopo. Dakika kumi zikishapita, nafasi ya kumtoa hai hushuka kwa kasi, na helikopta haiwahi. Shemeji akanyamaza mpaka kilele cha kwanza.

Cha pili tukakifikia pia, tunahema. Kutoka hapo njia inakata ubavuni mwa mteremko mkali kuelekea kilele kikuu, na hapo ndipo yule mama aliposimama. Akachomeka fimbo yake. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akavua glavu, akachota theluji, akaiminya. Maji yakamchuruzika mpaka ndani ya mkono wa koti. Juu yetu, chini ya mwamba uliokwisha pigwa na jua, vidonge vya theluji vilikuwa vinajiviringisha vyenyewe, kimoja, halafu viwili, vikinenepa kadiri vinavyoshuka na kuacha michirizi. Akatazama saa. Ilikuwa bado asubuhi, saa nne na nusu.

"Jana usiku kulikuwa na mawingu," akasema, kana kwamba hilo linatosha.

Alipoona tunamkodolea macho, akafafanua. Theluji ya milima hii ya pwani inaletwa na pepo za Pasifiki, nzito na yenye maji tangu inapoanguka. Majira haya usalama wake unategemea usiku. Anga likiwa wazi, joto linapaa, uso wa theluji unaganda, na asubuhi unakanyaga kitu kigumu mpaka jua likolee. Mawingu yakitanda ni blanketi: hakigandi kitu, na asubuhi inaanzia pale ilipoishia alasiri ya jana. Maji yanaendelea kupenya chini, chembe zinaachiana.

Tulikuwa tunageuka ndipo mteremko wa jirani ukaachia. Hakukuwa na kishindo wala vumbi jeupe la kwenye sinema. Kipande kidogo kilimeguka chini ya mwamba, kikapanuka polepole, kikawa tope jeupe linalosukuma kila kilicho mbele yake, kwa mvumo mzito niliousikia tumboni kabla ya masikioni. Miti midogo ikainama, haikuinuka. Kisha kukawa kimya, madonge makubwa yamesimama yalipofikia. Nilijikuta nimeshika mkoba wa shemeji kwa mikono yote miwili.

Tukashuka. Kwenye maegesho ya magari shemeji akapata sauti: "Lakini wetu haukuporomoka! Kwani tulikuwa tunapita kule?" Mama wa watu akakunja fimbo zake. "Sijui kama ungeporomoka," akasema, "na sitakuja kujua."

Jibu hilo halijamridhisha shemeji hadi leo, na sina uhakika kama limeniridhisha mimi. Kila Idi ananiandikia: mkono wa Idi baadaye, kwanza kilele changu. Sasa anataka kuja tena mwezi wa nne, eti tiketi ni nafuu. Nimemwambia aje wa nane. Ameusoma ujumbe, hajajibu.