Baiskeli bila mzigo: siku nane kando ya Danubi

Nilipompigia mama simu kumuaga, nikamwambia kwamba mimi na wifi tunakwenda kuendesha baiskeli kutoka Passau hadi Vienna, kilomita kama 320 kando ya mto, aliuliza swali moja: "Mnafuata nini huko?"

Nikamwambia hatufuati kitu, mama, ni likizo. Akanyamaza kidogo. "Kuna mgonjwa?" Hapana. "Msiba?" Hapana. "Haya mwanangu, Mungu awatangulie."

Simlaumu. Kwetu Pangani baiskeli haitoki nyumbani bure. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi, na sikumbuki hata siku moja kuiona keria yake ikiwa tupu: nazi kutoka shamba, gunia la mkaa, madumu ya maji, na mara moja mimi mwenyewe, nina homa kali, nimefungwa khanga kwenye mgongo wake ili nisianguke, tunakwenda hospitali. Na mimi nami, miaka yote hii ninayouguza wazee Ujerumani, sijawahi kuchukua likizo isiyokuwa ya kwenda nyumbani. Anayeishi mbali anajua likizo ya namna hiyo: mabegi yanapimwa mara tatu, orodha ya majina haiishi, na unarudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka. Mwaka huu mume wangu ndiye aliyesema, nenda mahali ambapo hakuna anayekusubiri. Dada yake akasema hatokubali niende peke yangu.

Wifi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, mji ambao wanawake wanapanda baiskeli kwenda sokoni na buibui zao, wala hakuna anayegeuka kutazama. Baba yake alikuwa fundi baiskeli chini ya mwembe. Habari hiyo iwekeni akilini.

Passau iko Ujerumani bado, mpakani kabisa na Austria, na mito mitatu inakutana hapo. Tulifika mapema kwa treni kutoka Nürnberg tukachukua baiskeli za kukodi, za kuachwa Vienna, kisha tukaenda kusimama kwenye ncha ya mji. Rangi hazidanganyi. Ilz inatoka kwenye ardhi ya mboji, maji yake ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Inn inashuka kutoka barafu za milima ya Alpi, ni ya kijani iliyochanganyika na maziwa. Danubi iko katikati. Kwa wastani Inn huleta maji mengi kuliko Danubi yenyewe, ila jina lililoendelea mbele ni la Danubi. Jambo hilo lilinikaa, nikawa nalirudia siku nzima.

Kwenye ukuta wa jengo la zamani la manispaa wamechora alama za mafuriko, mwaka kwa mwaka. Alama ya Juni 2013 iko juu sana: mita 12.89, mafuriko ambayo Passau haikuwa imeyaona tangu 1501. Wifi aliinua mkono kuigusa, haukufika hata karibu. Sisi tuliokulia kwenye mlango wa mto tunajua maji yakipanda yanasikika vipi usiku, na tulisimama pale muda mrefu kuliko tulivyosimama mbele ya kanisa kuu.

Njia yenyewe ni tambarare, na kuna sababu. Zamani mashua zilizopanda mto zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni, na njia hizo za farasi ndizo leo zinazopitiwa na baiskeli sehemu nyingi. Kwa hiyo hata mtu wa magoti mabovu kama mimi anakanyaga bila kuhema. Siku ya kwanza tulikwenda kilomita arobaini na kidogo tu, hadi Schlögen, tukipumzika kila tulipopenda. Mto ulikuwa unaelekea kusini-mashariki, na kibla kutoka huko kiko kusini-mashariki pia. Adhuhuri tuliswali kwenye majani, tumefupisha kama wasafiri, maji yakienda mbele yetu kule kule tulikoelekea. Sijui niielezeje raha ya swala ile.

Schlögen mto unakutana na mwamba wa granaiti, unashindwa, unageuka kurudi karibu kule ulikotoka, kisha unageuka tena. Tulipanda kilima kama nusu saa kwenda kuutazama kutoka juu. Ukingo wa kaskazini njia ya baiskeli inakatika kabisa hapo, msitu umeshuka mpaka majini, kwa hiyo unapakia baiskeli kwenye kiboti kinachokushusha kipande hicho.

Ni hapo wifi alipoviona vile vibao. Kando ya mto kuna vibao vya kilomita kwa ajili ya meli, na namba zilikuwa zinapungua: 2187, 2186. "Wifi, hawa wanahesabu kinyume?" Nikaenda kumuuliza mzee wa kiboti. Akanieleza kwamba Danubi huhesabiwa kuanzia mdomoni, Sulina, kwenye Bahari Nyeusi, kupanda juu. Namba unayoiona ni umbali uliobaki mpaka baharini. Mto Rhein, ninaoufahamu zaidi, wanauhesabu kutoka juu, kwenye daraja la Konstanz, na namba zinaongezeka kadiri unavyoshuka. Danubi inajua bahari iko umbali gani kila mahali. Tangu hapo tukawa tunasoma vibao kwa sauti, mmoja akikiona wa kwanza anagonga kengele.

Linz, 2135, tulilala na kuondoka. Mji mkubwa wa viwanda vya chuma, keki yao ya jamu ni nzuri.

Mauthausen ni mji mdogo wenye maua madirishani, na mto unapita mbele yake umetulia. Kambi ya zamani ya wafungwa iko juu kilimani. Tulizisukuma baiskeli kwa mguu, jua kali, na sikutaka kulalamika kuhusu mlima huo kwa sababu nilijua wengine waliupandaje. Wanazi waliifungua mwaka 1938, na mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya machimbo ya granaiti. Watu kama 190,000 waliingizwa katika kambi hiyo na kambi ndogo zilizokuwa chini yake, na angalau 90,000 hawakutoka hai. Kutoka machimboni kuna ngazi 186. Wafungwa walizipanda wakiwa na mawe mgongoni, mstari kwa mstari, na aliyeanguka aliwaangukia wa nyuma yake. Tulizitazama kutoka ukingoni juu. Majani yameota shimoni, ndege wanaimba.

Humo alifungwa pia mtu mweusi, Carlos Greykey, mzaliwa wa Barcelona, wazazi wake wakitoka kisiwa cha Fernando Poo, ambacho leo ni sehemu ya Guinea ya Ikweta. Alikuwa miongoni mwa maelfu ya Wahispania wa upande wa jamhuri, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, waliopelekwa huko. Alitoka hai. Wamarekani walifika tarehe 5 Mei 1945. Wifi alisimama ukutani akainua mikono akaomba dua ndefu, kimya, na mimi nikaitikia amina bila kujua alichoomba. Jioni ile hatukusoma vibao.

Kesho yake tulikwenda polepole mno. Nilikuwa nauona mgongo wa wifi mbele yangu na nikawa nafikiria migongo. Wa baba, alionifunga nao. Ya wagonjwa wangu ninaowageuza usiku kila baada ya saa mbili wasipate vidonda. Nimebeba watu miaka mingi na naipenda kazi yangu, sitaki mtu afikiri vingine. Lakini saa nne nzima kati ya Mauthausen na Grein sikubeba kitu isipokuwa nguo mbili, mswala na chupa ya maji, na mwili wangu ulishangaa. Mabega yalishuka yenyewe. Sikujua kwamba nilikuwa nayapandisha.

Karibu na Grein bonde linabana. Zamani mashua zilizama hapo kwa sababu ya miamba na maji yanayozunguka. Baadaye miamba ililipuliwa, na mabwawa ya umeme yakayatuliza maji. Ukitazama leo huwezi kuamini kuwa watu waliuogopa mto huu.

Melk kuna monasteri kubwa ya rangi ya manjano juu ya jabali, Wabenedikto wako hapo tangu 1089, na jengo linaloonekana sasa ni la karne ya 18. Dhahabu ndani ni nyingi kupita ninavyoweza kuitazama. Nilitoka nje kwenye baraza, kule unakoona mto wote, nikatosheka na hiyo.

Kutoka Melk hadi Krems ni kilomita 38 hivi, na mtu mwenye haraka anazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sisi zilituchukua siku nzima, na laiti tungezipa mbili. Hilo ndilo bonde la Wachau. Milima imekatwa matuta mpaka juu, matuta yameshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na juu yake mizabibu. Chini, karibu na mto, ni miaprikoti. Ilikuwa Julai, mavuno. Wenyewe wanaziita Marillen, na kila baada ya kijiji kuna meza kando ya njia, vikapu juu yake, na kikopo cha kutilia pesa, mwenye mali hayupo. Mvinyo hatunywi, tulikunywa juisi ya zabibu hizohizo. Na tulikula yale madonge yao: aprikoti nzima ndani ya unga uliochanganywa na jibini laini, linachemshwa, linaviringishwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi. Ukilipasua, tunda linatoa mvuke. Wifi alinyamaza mpaka sahani ikaisha, kisha akasema, "Hili nitalipika kwa embe."

Willendorf, kijiji cha njiani, ndipo mwaka 1908 walipofukua kile kisanamu cha mwanamke, urefu sentimita 11, umri wake kama miaka 30,000. Mwenyewe yuko makumbusho Vienna. Mnene, tumbo na maziwa vimejaa, amesuka kichwa kizima, au hivyo ndivyo sisi tulivyoona kwenye picha. Wifi alisema huyo ni mtu aliyependwa na aliyemchonga. Nakubaliana naye.

Mbele kidogo ni Dürnstein, magofu ya ngome alimofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192, akirudi kutoka kupigana na Salahuddin. Tuliyaona kwa chini, hatukupanda. Siku ile moyo wangu ulikuwa umebaki Spitz, kwenye pantoni.

Mimi ni mtu wa pantoni. Nimekua nikivuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto kwetu Pangani, na pantoni kwangu ni mngurumo wa injini na harufu ya dizeli. Ya Spitz haina injini. Waya wa chuma umevutwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na chombo kimefungwa kwenye waya huo. Nahodha anakilaza kidogo tu, ubavu ukapokea mkondo kwa mshazari, na maji yanayotaka kukipeleka chini yanajikuta yanakisukuma ng'ambo. Hakuna sauti isipokuwa maji na kile kigurudumu kinachoteleza kwenye waya. Tulivuka kwenda Arnsdorf. Hatukuwa na shughuli Arnsdorf. Tukarudi. Nahodha akatutazama, nikamwambia kwa Kijerumani kwamba baba yangu angependa kukiona chombo hiki, na sauti yangu ikakatika, kwa sababu mpaka nilipolitamka sikujua kwamba ndilo nililokuwa nalifikiria. Alituvusha tena, safari hii akanionyesha usukani.

Asubuhi baada ya Krems tulikipita kibao cha 2000, na baada yake 1999. Tuligonga kengele zote mbili kama wazimu.

Muda si mrefu tairi langu la nyuma likapata pancha, na hapo ndipo mwembe wa Ngamiani ulipotufaa. Wifi alipindua baiskeli, akatoa tyubu, akaijaza upepo, akashuka nayo mtoni na kuizamisha kipande kwa kipande, mpaka viputo vikatoka. Danubi nzima ikawa beseni la fundi. Kiraka, gundi, dakika ishirini. Baada ya hapo tulipita Zwentendorf, mtambo wa nyuklia uliojengwa ukakamilika na haukuwashwa hata siku moja, kwa kuwa mwaka 1978 Waaustria walipiga kura, na asilimia 50.5 wakasema hapana. Upo tu, kando ya njia ya baiskeli.

Vienna tuliingilia kwenye kisiwa kirefu cha kilomita 21 walichokijenga pamoja na mkondo wa pili, ili mafuriko yapate pa kupita. Watu wanaogelea, watoto, vijana wanachoma nyama. Tulivua viatu tukatia miguu majini. Saa tatu usiku jua ndiyo kwanza linazama.

Nikampigia mama. Shikamoo. Marahaba, mmefika salama? Tumefika, mama, tuko Vienna, tumekaa mtoni.

"Na huo mto unamwaga wapi?"

"Bahari Nyeusi."

"Ipo hapo?"

Nikatazama kibao kilichokuwa karibu na daraja. "Bado kilomita 1929."

"Ah," akasema mama, mtu wa Pangani. "Basi hamjafika."